Mbele ngapi, nyuma ngapi? Upepo wa matairi kwa magari ya kasi ya Arusha

"Weka thelathini na tano zote." Hiyo ndiyo amri inayosikika zaidi kwenye kompresa za mafundi wa matairi kuanzia Sakina hadi Usa River. Fundi haulizi gari ni la aina gani, dereva hashuki, na dakika tatu baadaye gari limeondoka. Kwa gari linalotoka Njiro kwenda soko la Kilombero na kurudi kwa mwendo wa foleni, amri hiyo haina madhara makubwa. Kwa Subaru Impreza WRX, Mark X, Crown Athlete au BMW inayotoka mjini saa kumi na moja alfajiri ikitaka kuingia Dar es Salaam kabla ya saa sita mchana, ni habari nyingine.

Tumeamua kuliandika hili kwa kirefu kwa sababu kila tunapogusa usalama barabarani kwenye kipindi, wasikilizaji wanarudi kwenye swali lile lile: mbele niweke ngapi, nyuma niweke ngapi? Na majibu wanayopeana wenyewe kwa wenyewe yanapingana. Mmoja anasema Arusha kuna baridi, ongeza. Mwingine anasema ukifika Same kuna joto, punguza, la sivyo tairi litapasuka. Wa tatu anasema Subaru ya kaka yake inatembea na 40 kote na haijawahi kumsumbua.

Same tumeitaja si kwa bahati. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani humo, basi kubwa na basi dogo aina ya Coaster yaligongana na kuteketea kwa moto. Taarifa ya Ikulu ya siku iliyofuata ilitaja vifo vya watu 38, na ikaeleza kuwa ajali ilitokea baada ya tairi moja la basi kupasuka na dereva kushindwa kulimudu gari. Hatusemi tairi lile lilikuwa na upepo mdogo au mwingi. Hilo ni la wachunguzi. Tunachosema ni kwamba barabara ile ile ndiyo inayotutoa Arusha kupitia Moshi kwenda pwani, na kwamba basi angalau lina LATRA na trafiki wa kulisimamisha. Gari binafsi lenye injini ya turbo halina mtu wa kuliuliza matairi yake yana upepo kiasi gani. Upepo hauonekani kwa macho.

Na barabara zetu zimekuwa za kasi. Kipande cha njia nne cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 hivi, na barabara ya mchepuo inayouzunguka mji vimewapa machalii wa Chuga mahali pa kukanyaga mafuta ambapo miaka kumi na tano iliyopita hapakuwepo. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, uwanja mpya wa Arusha ukiwa miongoni mwa viwanja vilivyojengwa kwa ajili hiyo, na wageni wengi watakuja kwa magari yao kupitia Namanga. Mwendo hautapungua.

Kibandiko kwenye nguzo ya mlango

Jibu la kwanza la swali la "ngapi" liko kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ambayo mlango hujifungia. Kuna kibandiko. Kwenye baadhi ya magari kiko nyuma ya kifuniko cha tanki la mafuta. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni namba. Utaona saizi ya tairi, kisha mistari miwili: wa mbele na wa nyuma. Namba huandikwa kwa kPa, na kwenye magari ya zamani kwa kilo, kama 2.3 au 2.1. Kuigeuza si kazi: 200 kPa ni psi 29, 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, 250 ni psi 36. Ukiona 2.3 ya kilo, hiyo nayo ni psi 33 kasoro kidogo.

Namba hizo ni za tairi la baridi, yaani gari lililolala au lililosimama saa tatu na zaidi. Tutarudi hapo, maana ndipo watu wengi wanapotea.

Kuna namba nyingine ambayo baadhi ya mafundi huitumia, ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 44 au 51. Hiyo ni kikomo cha juu ambacho mtengenezaji wa tairi amekiweka. Yeye hajui tairi lake litafungwa kwenye gari gani. Kulijaza gari psi 44 kwa sababu tairi limeandikwa 44 ni sawa na kumpa mgonjwa vidonge vyote vilivyomo kwenye chupa kwa kuwa chupa imeandikwa vidonge thelathini.

Kwa nini mistari ni miwili? Kwa sababu gari halikai kwa uzito sawa mbele na nyuma. Hewa ndani ya tairi ndiyo inayobeba gari. Raba peke yake isingeweza. Palipo na uzito zaidi panahitaji hewa zaidi. Injini ya Subaru, ile ya pistoni zilizolala, imewekwa mbele ya ekseli ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo pua ya gari ni nzito kuliko mkia, na ndiyo maana kibandiko cha Subaru nyingi hutaka upepo zaidi mbele, kwa psi moja, mbili au zaidi. BMW imejengwa ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu, na abiria wa nyuma na mizigo ya buti huielemeza nyuma. Kibandiko chake kwa kawaida kina safu mbili, moja ya watu wachache na nyingine ya gari lililojaa, na kwenye safu ya pili namba ya nyuma hupanda sana. Porsche 911 yenye injini nyuma hutaka nyuma zaidi hata ikiwa tupu.

Madereva wa utalii hapa Arusha wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Land Cruiser iliyorefushwa, ikiwa na wageni sita, mizigo yao, maji na mafuta ya ziada, hakuna dereva mwenye akili timamu anayeijaza sawa mbele na nyuma. Wakipita geti la Lodoare ambako lami inaishia, wengi hupunguza upepo kidogo ili gari lisirushwe na mawimbi ya barabara ya vumbi kuelekea Serengeti. Shida huja safari ya kurudi. Upepo uliopunguzwa kwa ajili ya vumbi unatakiwa urudishwe kabla ya lami ya Karatu na Makuyuni, na si kila anayewahi kurudi mjini jioni huwa na subira ya kusimama.

Kosa la kusawazisha

Kuna historia moja ya mbali ambayo inafaa kusimuliwa kwa yeyote anayesema "weka sawa zote". Mwaka 1959 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilianza kuuza gari dogo liitwalo Corvair, injini ikiwa nyuma. Ili lisiyumbe, kampuni ilielekeza psi 15 mbele na psi 26 nyuma, matairi yakiwa baridi. Tofauti ya psi 11! Wenye magari na vijana wa vituo vya mafuta hawakuamini macho yao. Waliona 15 ni kidogo mno, wakajaza sawa. Gari likawa na mbele kali na nyuma nyepesi, na kwenye kona mkia ulitangulia. Mwanasheria Ralph Nader alilifanya Corvair kuwa sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu usalama wa magari ya Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtengenezaji hakupaswa kuukabidhi usalama wa gari kwa kijana wa pampu. Alikuwa na haki kusema hivyo. Lakini magari ya leo nayo, kwa kiasi kidogo, yanamtegemea kijana yule yule.

Tofauti ya mbele na nyuma ndiyo inayoamua gari litafanya nini dereva akikosea. Fikiria barabara inayopanda kutoka Ngaramtoni, ikipita ubavu wa magharibi wa Mlima Meru kuelekea Oldonyo Sambu na Namanga. Umeingia kona ukiwa na mwendo kidogo kuliko unavyostahili. Kama matairi ya mbele yana upepo pungufu, mbavu zake zinajikunja, unakata usukani lakini pua ya gari inachelewa na inateleza kwenda nje ya kona. Inatisha, lakini unaihisi mikononi, usukani unakuwa mzito na mvivu, na kwa kawaida mtu akiogopa huachia mafuta, na akiachia mafuta pua inarudi.

Kama pungufu ni nyuma, hadithi ni nyingine kabisa. Pua inaingia kona vizuri, dereva anajiona bingwa, kisha mkia unaondoka. Hapo mtu akiogopa na kuachia mafuta au kukanyaga breki, uzito unarukia mbele, nyuma inazidi kuwa nyepesi, na gari linajizungusha. Kulirudisha kunahitaji mikono ya dereva wa rali. Hii ndiyo sababu watengenezaji huvumilia gari linalokataa kona kidogo kuliko gari linalotupa mkia, na ndiyo sababu tunasema wazi: ukiwa na kompresa moja na muda mchache, usiache nyuma zikiwa pungufu. Tairi la nyuma lenye pancha ya polepole kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa ni hatari kubwa kuliko la mbele, ingawa wengi wetu tumezoea kuliogopa la mbele.

Kuzidisha nako kuna gharama. Tairi lililojaa kupita kiasi husimama kwa katikati, mabega yake hayagusi lami vizuri, na kipande cha raba kinachoshika barabara kinapungua. Kashata za katikati huisha mapema. Kwenye lami laini ya mchepuo dereva anapenda, usukani ni mwepesi, gari linakimbia. Akikutana na viraka vya lami au tuta lisilo na rangi, gari linaruka badala ya kukanyaga, na breki za dharura zinakuwa ndefu. Yule kaka wa Subaru ya 40 kote hajasumbuliwa kwa sababu hajalazimika kupiga breki za maisha na kifo. Tunamwombea isimtokee.

Sifa ya Subaru katika ukanda huu ilijengwa na Safari Rally. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000, na vijana waliokuwa wakisikiliza redio wakati ule ndio baba wa vijana wanaozinunua leo. Lakini kwenye rali timu huchagua aina ya tairi na upepo wake kwa kila kipande cha njia, kuna watu wanaopima, na matairi hubadilishwa baada ya kilomita chache. Anayeshusha nyuma hadi psi 24 kwa sababu ameona video ya mashindano, kisha akaendesha na matairi hayo hayo hadi Moshi akiwa na watu watano, amechukua nusu ya somo.

Baridi ya Arusha, joto la Dar

Sasa turudi kwenye ubishi wa joto, ambao kwa maoni yetu ndio unaoharibu matairi mengi zaidi kwenye njia ya Dar.

Arusha mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Geji haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi; inapima tofauti kati ya mgandamizo wa ndani na ule wa nje. Hewa ya nje huku kwetu ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama psi 12.5, wakati pwani ni psi 14.7. Kwa hiyo tairi lililojazwa psi 33 Arusha, likifikishwa Dar es Salaam bila joto kubadilika, litasoma karibu psi 31. Watu husikia hili na kukataa, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba tairi "linavimba" pwani.

Kinachovimbisha ni joto. Kila nyuzi tano au sita za joto zinazoongezeka hupandisha upepo kwa karibu psi moja. Chukua asubuhi ya Julai Arusha, nyuzi 14, umejaza psi 33. Kesho yake mchana gari limesimama kivulini Dar, nyuzi 28. Joto limekupa psi mbili, mwinuko umekunyang'anya psi mbili. Geji itasoma psi 33. Ukipima alfajiri ya huko, nyuzi 20 hivi, utakuta karibu psi 32. Kwa maneno mengine, mwenye gari aliyejaza vizuri Arusha hana sababu ya kupunguza chochote akifika pwani. Kama kuna la kufanya, ni kuongeza psi moja.

Lakini hivyo sivyo watu wanavyopima. Wanapima Same au Korogwe mchana, gari likiwa limetoka kukimbia saa tatu, matairi yana moto. Geji inasoma 38 au 39. Dereva anashtuka, anabonyeza vali, anashusha hadi 33, anaondoka akiwa na amani moyoni. Tairi hilo, likipoa, litakuwa na psi 28. Na kabla halijapoa lina jambo baya zaidi: sasa linajikunja zaidi kila mzunguko, na kujikunja ndiko kunakozalisha joto ndani ya raba na nyuzi zake. Upepo aliotoa ili tairi lisipate moto ndio uliokuwa ukilizuia lisipate moto. Mtengenezaji alijua kuwa litapanda psi nne au sita safarini. Alipoandika 33 kwenye mlango alikwisha hesabu hilo.

Marekani ililipa gharama ya somo hili hadharani. Agosti 2000 Firestone iliita sokoni matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye gari la Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka kwenye mwendo wa kasi, hasa kwenye majimbo ya joto. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilipokea taarifa za vifo 271. Makampuni hayo mawili yalirushiana lawama, na kasoro za utengenezaji zilikuwepo. Lakini moja ya mabishano makubwa lilikuwa la namba tu: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikaja kusema iwe 30. Psi nne, gari likiwa limebeba familia na mizigo yake, kwenye lami ya joto.

Mvua nayo ina hesabu yake. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji hukaa kwenye lami, na tairi likienda kasi hupanda juu ya maji na kuacha kugusa barabara. Majaribio ya NASA ya miaka ya 1960 kwa matairi ya ndege yalitoa kanuni kwamba mwendo wa kuanza kuelea hupungua upepo unapopungua. Ukiifuata kanuni hiyo, psi 33 inaelekeza kwenye kilomita 95 hivi kwa saa, na psi 22 kwenye kilomita 78. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya Impreza, na kashata nzuri husaidia sana kutoa maji, kwa hiyo usiitumie kama ruhusa ya mwendo. Mwelekeo wake tu ndio tunaoutaka: tairi la upepo mdogo huelea mapema. Ukiweka pamoja upepo pungufu na kipara, hata hiyo 78 ni ndoto.

Kuchagua namba yako

Nunua geji yako. Ya sindano au ya betri, zote zinafaa, mradi ni moja na ni yako. Geji za kwenye kompresa huanguka chini, hukanyagwa, hunyeshewa, na mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kukupa majibu mawili. Wakala wa Vipimo huhakiki pampu za mafuta na tunaona stika zao. Tungefurahi kuona geji ya upepo iliyo hatua chache pembeni nayo ina stika inayosomeka.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kilomita mbili tatu za polepole. Anza na namba za mlangoni, mbele kama ilivyoandikwa na nyuma kama ilivyoandikwa. Ukilazimika kujaza matairi yakiwa na moto, weka psi nne juu ya namba ya mlangoni kisha upime tena kesho yake asubuhi. Kwa safari ndefu ya kasi au gari lililojaa, fuata safu ya mzigo mzito kama kibandiko kinayo. Kama hakina, psi mbili hadi nne za ziada zinatosha, na kama uzito umekaa nyuma, sehemu kubwa ya nyongeza iende nyuma. Usivuke kikomo cha ubavuni.

Anayetaka kulirekebisha gari liendane na mkono wake abadilishe ekseli moja kwa wakati, psi moja au mbili, na aandike. Gari likikataa kona, angalia kwanza kama mbele hazijapungua kabla ya kuanza kuchezea nyuma. Njia ya bei ya chaki ya shule inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani: chora mstari wa chaki kukatisha kashata kutoka bega hadi bega, tembea mita mia moja moja kwa moja kwenye lami kavu, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, umezidisha. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepunguza. Kipimo cha pili ni cha safari: pima baridi, endesha saa nzima, pima tena bila kutoa kitu. Upepo ukipanda kati ya psi tatu na sita, hali ni ya kawaida. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi hilo lilianza safari likiwa na upepo mdogo kwa mzigo na mwendo uliolipa.

Hapa kuna tatizo la magari yetu ambalo kibandiko hakilitatui. Gari lilitoka Japani na rimu za inchi 16, mwenye gari amefunga za 18 zenye tairi jembamba la ubavu. Namba za mlangoni ziliandikwa kwa saizi ya kwanza. Soma kodi ya ubavuni, kwa mfano 91V. Hiyo 91 maana yake tairi linabeba kilo 615 likiwa na upepo wake kamili, na V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. H ni 210, W ni 270. Tairi jipya lisiwe na namba ya mzigo ndogo kuliko la kwanza. Likiwa limeandikwa XL, lina uwezo wa mzigo mkubwa lakini linautoa kwa upepo mwingi zaidi, kwa hiyo huenda likahitaji psi mbili au tatu juu ya kibandiko. Tofauti ya mbele na nyuma aliyoiweka mtengenezaji, ibaki ilivyo, kwa sababu uzito wa injini haukubadilika ulipobadilisha rimu.

Wenye Subaru wana sharti la ziada. Gari linalosukuma magurudumu yote manne wakati wote linataka matairi manne ya aina moja, saizi moja, na yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Tairi moja jipya la mtumba likichanganywa na matatu yaliyoisha, magurudumu huzunguka kwa mwendo tofauti na gia za katikati ndizo zinazolipa. Na ukinunua mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Raba huzeeka hata ikiwa dukani, na tairi zee lenye kashata nene linapendeza macho tu.

Taa ya onyo la upepo kwenye dashibodi, kwa gari lililo nayo, haichukui nafasi ya geji. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, sheria ya huko inaitaka iwake upepo ukiwa umepungua kwa robo nzima. Robo ya 33 ni psi nane. Kufikia hapo tairi limeshateseka kwa siku nyingi.

Na kabla ya kufunga buti, tazama spea. Magari mengi ya kasi ya Japani yana spea ndogo nyembamba ambayo hutakiwa kujazwa 420 kPa, yaani psi 60, na haipaswi kuendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Nyingi hazijawahi kuguswa tangu meli ilipotia nanga Dar es Salaam.